SOMO LA SOKO: Tozo ya ujenzi mpya, nani hasa hulipa?

Katika mji wa Vaughan, ulio kaskazini ya Toronto nchini Kanada, bei ya nyumba mpya ina kiasi ndani yake ambacho hakikununua ubao, saruji wala msumari. Kiasi hicho hulipwa halmashauri na kampuni inayojenga, na mnunuzi hakioni kwenye hati ya mauzo isipokuwa akiuliza. Hadi Novemba 2024, kwa nyumba ya familia isiyo ya ghorofa nyingi, kilikuwa kimefikia dola za Kanada 94,466. Mwezi huo madiwani wakakishusha hadi dola 50,193, yaani wakarudi kwenye kiwango cha mwaka 2018. Kwa kikao kimoja dola 44,273 zikaondolewa katika gharama ya kila nyumba.

Kwa mtu wa biashara swali linalofuata ni la kawaida kabisa. Je, bei ya nyumba za Vaughan ilishuka kwa dola 44,273 siku ya pili yake? Haikuwa hivyo, na haingeweza kuwa hivyo. Sababu yake ndiyo somo la wiki hii, kwa kuwa wanaotetea kupandisha tozo za namna hii na wanaozipinga wote hukosea mahali pale pale, yaani katika kufikiri kwamba anayeandika hundi ndiye anayebeba mzigo.

Fedha hiyo huitwa tozo ya uendelezaji. Hoja yake si ngumu. Nyumba mpya huleta watu wapya, na watu wapya watahitaji maji, njia ya maji machafu, barabara, kituo cha zimamoto, maktaba na basi. Basi anayejenga alipie mahitaji hayo mara moja, badala ya gharama kuangukia wakazi wa zamani ambao hawakuyaleta. Madiwani wa Ontario, jimbo ambalo Vaughan na Toronto zimo ndani yake, wana msemo wao kwamba ukuaji na ujilipie wenyewe. Waswahili humpa mgeni jembe siku ya tatu. Ontario humkabidhi mlangoni.

Jimbo hilo ni mahali pazuri pa kujifunzia kwa sababu limekuwa na tozo hizi kwa muda mrefu na kila kitu kimeandikwa. Miji ilipoanza kutanuka baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, halmashauri zilikuwa zikitoza kila kiwanja kwa mapatano, na kila moja ilikuwa na bei yake na ubishi wake. Mwaka 1989 Bunge la jimbo likatunga sheria maalumu ya tozo za uendelezaji. Sheria hiyo iliandikwa upya mwaka 1997, wakati wa serikali ya Mike Harris, ikaanza kutumika mwaka 1998, na ndiyo inayotumika mpaka sasa ingawa imetiwa viraka vingi.

Chini ya sheria hiyo halmashauri haiwezi kuamka asubuhi ikapanga bei. Lazima kwanza iandae taarifa ya utafiti. Taarifa hiyo hukadiria watu na ajira zitakazoongezeka, huorodhesha miradi itakayohitajika kwa ajili yao, kisha hufanya hesabu ya kutoa: sehemu ya mradi itakayowanufaisha wakazi waliopo inaondolewa, nafasi iliyobaki katika mitambo ya zamani inaondolewa, ruzuku ya serikali inaondolewa. Kinachobaki hugawanywa kwa nyumba na majengo ya biashara yanayotarajiwa. Wananchi na wajenzi husikilizwa, sheria ndogo hupitishwa, na asiyeridhika huweza kukata rufaa kwenye baraza la ardhi la jimbo.

Kipo pia kizuizi cha kiwango cha huduma. Kwa huduma nyingi halmashauri hairuhusiwi kuwatoza wapya ili wajengewe huduma bora kuliko iliyokuwapo. Kama wastani wa miaka iliyopita ni kiasi fulani cha maktaba kwa kila mkazi, basi hicho ndicho kipimo. Zamani wastani huo ulikuwa wa miaka 10. Marekebisho ya mwaka 2022 yaliufanya uwe wa miaka 15, jambo linaloonekana dogo lakini hushusha kipimo kwa mji ambao umekuwa ukiboresha huduma zake. Fedha zikishalipwa huwekwa katika mifuko ya akiba, kila huduma na mfuko wake, na mweka hazina hutoa taarifa kila mwaka. Mifuko hiyo imejaa mabilioni ya dola kwa jimbo zima. Wajenzi huinyoshea kidole wakisema fedha zimelala. Halmashauri hujibu kwamba mtambo wa kusafisha maji machafu haununuliwi kwa fedha ya mwaka mmoja. Wote wana sehemu ya ukweli, na mwaka 2022 jimbo liliingilia kati kwa kuagiza kwamba kila mwaka angalau asilimia 60 ya fedha iliyomo katika mifuko ya maji, maji machafu na barabara itumike au ipangiwe kazi maalumu.

Hivyo taratibu zipo. Hata hivyo tozo zimepanda kwa kasi ambayo hakuna mshahara uliyoifuata. Toronto mwaka 2024 ilikuwa inatoza zaidi ya dola 130,000 kwa nyumba inayojitegemea na takriban dola 80,000 kwa fleti ya vyumba viwili. Ukilinganisha na mwaka 2010, tozo ya nyumba inayojitegemea imezidi mara tano. Aidha, katika miji ya pembezoni mkoa hutoza tozo yake na mji hutoza yake, na bodi za shule zinaweza kutoza nyingine kwa sheria tofauti. Juu ya yote hayo, kwa kuwa tozo imo ndani ya bei ya nyumba, kodi ya mauzo kwa kawaida huhesabiwa hata juu ya tozo hiyo. Ni kodi juu ya kodi.

Sababu za kupanda ni kadhaa. Gharama za ujenzi zenyewe zimepanda, na viwango hurekebishwa kila mwaka kufuata fahirisi ya bei za ujenzi inayotolewa na ofisi ya takwimu ya Kanada. Njia za reli za mijini ni ghali, na tangu 2016 halmashauri zimeruhusiwa kuhesabu usafiri wa umma kwa huduma inayopangwa mbele badala ya wastani wa nyuma. Lakini sababu ambayo haiandikwi katika taarifa ya utafiti ni ya kisiasa. Halmashauri za Ontario haziruhusiwi kuendesha shughuli za kila siku kwa nakisi, na njia yao kuu ya mapato ni kodi ya majengo. Diwani anayepandisha kodi ya majengo hukutana na wenye nyumba wote siku ya uchaguzi. Diwani anayepandisha tozo ya uendelezaji humpandishia mtu ambaye bado hajahamia, huenda anaishi mji mwingine, huenda hata nchi nyingine, na ambaye hana kura pale. Kwa miaka mingi uongozi wa Toronto ulijivunia kuweka nyongeza ya kodi ya majengo isizidi mfumuko wa bei. Pengo halikupotea hewani.

Mzigo unavyohama

Sasa turudi kwenye hundi. Chukua mfano wa hesabu, wa kujifunzia tu. Nyumba itauzwa dola 900,000, kwa sababu nyumba kama hiyo iliyokwisha jengwa jirani yake inauzwa bei hiyo. Ujenzi wenyewe ni dola 500,000. Wahandisi, riba ya mkopo, mawakili na madalali ni 100,000. Benki haitatoa mkopo bila kuona faida ya 100,000, kwa kuwa faida ndiyo kinga yake mambo yakiharibika. Tozo ni 50,000. Jumla ni 750,000. Kinachobaki, 150,000, ndicho kiasi cha juu kabisa ambacho mjenzi anaweza kulipia kiwanja.

Halmashauri inapandisha tozo hadi 95,000. Mjenzi hawezi kuongeza bei ya nyumba, maana mnunuzi atakwenda kwa jirani mwenye nyumba ya zamani isiyo na tozo yoyote. Kama bado hajanunua kiwanja, atamwambia mwenye ardhi kwamba sasa uwezo wake ni 105,000. Mwenye ardhi akikubali, ndiye aliyelipa ile 45,000. Hakwenda halmashauri, hakuandika hundi, huenda hata hajui sheria ndogo inasemaje, lakini fedha imetoka kwake. Hapa ndipo wanaotetea tozo huwa na hoja nzito: ardhi ya shamba iliyopanda thamani kwa sababu ya bomba la umma inarudisha sehemu ya thamani hiyo kwa umma.

Lakini je, kama kiwanja kilikwisha nunuliwa miaka mitatu iliyopita kwa 150,000? Makampuni ya nyumba hununua ardhi mapema sana, kwa kuwa upimaji na vibali huchukua miaka. Hapo faida hushuka hadi 55,000, ambayo ni kama asilimia 6 ya bei. Benki hufunga kabati. Mradi haujengwi. Anayeumia kwanza ni mjenzi, na baada yake ni wapangaji na wanunuzi ambao nyumba zao hazikujengwa, kwa kuwa soko lenye nyumba chache hupandisha bei ya zote, hata zile za zamani. Mwenye nyumba ya zamani anapata faida mara mbili: hakupandishiwa kodi ya majengo, na nyumba yake imepanda bei.

Tena mwenye ardhi halazimiki kukubali 105,000. Anaweza kusubiri. Kama ardhi ni shamba linalotoa mazao au eneo la maegesho linaloingiza fedha kila siku, kusubiri hakumgharimu sana. Kwa hiyo mzigo wa tozo hugawanyika kati ya mwenye ardhi, mjenzi na mnunuzi kulingana na nani ana haraka kuliko mwenzake. Tozo inayopanda polepole na kutangazwa mapema huingia zaidi katika bei ya ardhi. Tozo inayopanda ghafla huua miradi iliyo njiani.

Wajenzi wa Ontario walikuwa wakilifahamu hili vizuri, ndiyo maana zamani palikuwa na foleni za vibali kila tarehe ya kupanda ilipokaribia. Kuanzia mwaka 2020 jimbo likaamua kwamba kwa miradi mingi kiwango kigande siku ambayo maombi kamili ya mpango wa eneo au ya kubadili matumizi ya ardhi yanapowasilishwa, na halmashauri iruhusiwe kutoza riba. Nyumba za kupangisha zikapewa nafasi ya kulipa kwa awamu sita za mwaka mmoja mmoja badala ya mkupuo. Mwaka 2025 jimbo likapitisha sheria nyingine ya kusogeza malipo ya nyumba za makazi hadi watu wanapohamia. Kwa mhasibu hii si habari ndogo. Tozo ya dola 80,000 inayolipwa miaka miwili au mitatu kabla ya mnunuzi kukabidhi fedha hubeba riba ya mkopo wa ujenzi muda wote huo.

Kinyume cha yote hayo ni Vaughan ya 2024. Tozo iliposhushwa, bei ya nyumba ilikuwa tayari imewekwa na wanunuzi na riba za benki, na wanunuzi walikuwa wachache. Dola 44,273 hazikuingia mfukoni mwa mnunuzi moja kwa moja. Zilichofanya ni kuirudishia uhai baadhi ya miradi ambayo hesabu zake zilikuwa zimekufa. Punguzo likidumu miaka mingi na washindani wakiwa wengi, ushindani utalipeleka kwa mnunuzi. Likidumu na ardhi ikiwa mikononi mwa wachache, litaishia katika bei ya viwanja. Mississauga, upande wa magharibi, ilifuata Januari 2025 kwa kupunguza tozo zake za nyumba za makazi kwa nusu, na kwa fleti za kupangisha za vyumba vitatu ikaziondoa kabisa.

Ni vizuri kuwa mwangalifu hapa. Mauzo ya fleti mpya katika eneo la Toronto mwaka 2024 yalikuwa ya chini kuliko mwaka wowote tangu miaka ya 1990, na vyama vya wajenzi vilitaja tozo kama mchawi mkuu. Lakini Benki Kuu ya Kanada ilikuwa imepandisha riba yake kutoka asilimia 0.25 mwanzoni mwa 2022 hadi asilimia 5 katikati ya 2023. Riba peke yake ingetosha kuvunja soko lililokuwa linaendeshwa na wanunuzi wa kuwekeza, ambao hununua fleti kwenye karatasi na kuipangisha au kuiuza ikikamilika. Tozo iliwakuta wagonjwa ikawaongezea homa. Mwandishi wa takwimu wa chama cha wajenzi hatapenda kusikia hivyo.

Bomba la miaka mingi kwa fedha ya siku moja

Liko swali jingine ambalo huzungumzwa kidogo kuliko linavyostahili, nalo ni la muda. Bomba kuu la maji hudumu vizazi viwili au vitatu. Tozo ya uendelezaji hulilipia siku ya kwanza. Familia inayonunua nyumba haina fedha hiyo taslimu, kwa hiyo hukopa benki kama sehemu ya bei. Dola 50,000 zikikopwa kwa riba ya asilimia 5 kwa mwaka na kurejeshwa kila mwezi kwa miaka 25, familia hulipa karibu dola 292 kwa mwezi, jumla yake kama 87,700. Halmashauri ikikopa fedha ile ile kwa asilimia 4 na kuirejesha kwa ankara za maji kwa muda ule ule, malipo ni karibu dola 264 kwa mwezi, jumla kama 79,200. Tofauti ya 8,500 kwa nyumba moja ni bei ya kumfanya mwananchi akope badala ya halmashauri. Kwa kawaida riba ya halmashauri huwa nafuu kwa sababu nyuma yake yapo majengo yote ya mji.

Ndiyo maana wapo wanaotaka maji na maji machafu yatolewe katika tozo na kupewa mashirika ya umma yanayokopa na kurudisha kwa ada za watumiaji, kama umeme unavyofanywa. Pingamizi lipo. Ada za maji zitapanda kwa wote, pamoja na wakazi wa zamani, ambao watauliza kwa nini walipie bomba la mtaa ambao hawajawahi kuuona. Aidha, halmashauri za Ontario zina kikomo cha madeni: malipo ya deni kwa mwaka hayaruhusiwi kuzidi asilimia 25 ya mapato yao wenyewe bila idhini. Nyingi ziko mbali na kikomo hicho, lakini madiwani huogopa neno deni kuliko neno tozo.

Kasoro nyingine ni usawa wa kijuujuu. Mara nyingi tozo ni moja kwa mji mzima kwa kila aina ya nyumba. Fleti iliyo juu ya kituo cha treni, ambapo bomba limepita tangu zamani, hulipa kwa kiwango kile kile kama fleti iliyo ukingoni mwa mji ambako kila kitu kinaanza upya. Nyumba ndogo inayojitegemea hulipa sawa na jumba la vyumba sita. Sheria inaruhusu tozo za eneo kwa eneo, na halmashauri chache huzitumia, lakini hesabu yake ni ngumu na ubishi wake ni mwingi. Matokeo ni kwamba ujenzi wa gharama ndogo kwa mji huchangia ujenzi wa gharama kubwa.

Serikali ya jimbo ilijaribu mwaka 2022 kukata mambo kwa upanga. Sheria yake ya kujenga nyumba nyingi haraka iliondoa gharama za nyumba za umma katika tozo, ikasamehe nyumba za bei nafuu, ikapunguza tozo kwa nyumba za kupangisha, na ikataka kila tozo mpya ianze kwa asilimia 80 ya kiwango chake na kufika 100 mwaka wa tano. Chama cha manispaa za Ontario kilikadiria pengo la zaidi ya dola bilioni 5 katika miaka tisa. Mwaka 2024 jimbo likaufuta mpango wa kuanza kwa asilimia 80. Nyumba bila bomba haziwezi kuuzwa, na jambo hilo lilionekana mapema kuliko ilivyotarajiwa.

Serikali kuu ya Kanada nayo ikaingia kwa mlango wa fedha. Bajeti ya 2024 ilitenga dola bilioni 6 kwa miundombinu ya nyumba, na sehemu ya majimbo ikafungwa kwa masharti, mojawapo likiwa kwamba miji yenye watu zaidi ya 300,000 isipandishe tozo kwa miaka mitatu kutoka kiwango cha Aprili 2024. Katika uchaguzi wa 2025 chama cha Liberal cha Mark Carney kiliahidi kupunguza tozo kwa nusu kwa majengo ya nyumba nyingi. Maana yake ni kwamba mlipakodi wa nchi nzima anaanza kuchangia bomba la Toronto, mzunguko ambao tozo ilibuniwa kuukwepa.

Kanada si peke yake. Katika jimbo la California nchini Marekani, wapiga kura mwaka 1978 waliifunga kodi ya majengo isizidi asilimia 1 ya thamani, na thamani hiyo isipandishwe zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka hadi nyumba iuzwe. Baada ya hapo halmashauri zikageukia tozo za ujenzi mpya. Aprili 2024 Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa uamuzi kuhusu mtu mmoja wa wilaya ya El Dorado aliyetakiwa kulipa dola 23,420 za barabara ili apewe kibali cha kuweka nyumba ndogo iliyotengenezwa kiwandani kwenye ardhi yake. Mahakama ilisema kwamba tozo haiponi na kipimo cha Katiba kwa sababu tu imepitishwa na baraza la kutunga sheria badala ya kupangwa na ofisa mmoja. Haikusema tozo hiyo ni batili. Iliirudisha kesi chini. Lakini tangu hapo kila halmashauri yenye jedwali la tozo lazima ijiandae kueleza uhusiano kati ya nyumba na barabara inayotozwa.

Dar es Salaam iliwahi kufanya jaribio la karibu na hili, ingawa halikuitwa tozo. Mwaka 2002 Wizara ya Ardhi ilianza mradi wa viwanja 20,000 kwa mkopo wa Hazina wa sh. bilioni 8.9. Fedha ilitumika kulipa fidia wenye mashamba, kupima na kuchonga barabara katika maeneo kama Bunju, Mbweni, Mivumoni, Kibada, Gezaulole, Buyuni na Mwanagati. Bei ya kiwanja ilipangwa irudishe gharama hizo, na kwa kweli ilirudisha: mkopo ulilipwa na viwanja vilizidi idadi iliyokusudiwa. Kwa kipimo cha uhasibu ni mojawapo ya miradi ya umma iliyojilipia. Lakini bei ile ilibeba barabara za udongo tu. Maji na umeme vilifuata baadaye, mahali pengine baada ya miaka mingi, na mwenye kiwanja alichimba kisima na kununua nguzo kwa fedha yake.

Njia nyingine ya mapato, kodi ya majengo, nchini ni ndogo mno kubeba kazi hiyo. Tangu Julai 2021 hukatwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU, na tangu 2023 nyumba ya kawaida hulipa sh. 1,500 kwa mwezi, yaani sh. 18,000 kwa mwaka. Wakati huo huo Kariakoo, ambako viwanja vilipimwa kwa nyumba za chini za vyumba sita, kiwanja kimoja sasa hubeba maghorofa yenye maduka na wapangaji wengi, wote wakitumia njia ya maji machafu ya mtaa ule ule. Mwenye ghorofa hulipia kibali. Hesabu ya kumfanya alipie sehemu yake ya bomba ndiyo ile ile ya Ontario, pamoja na hatari zake zote: akipandishiwa ghafla ataacha shimo la msingi wazi, akitangaziwa mapema atampunguzia bei mwenye nyumba ya zamani anayeuza kiwanja.

Tofauti moja kati ya njia hizi mbili inafaa wenye ardhi waitazame. Katika mradi wa viwanja 20,000 gharama ilidaiwa wakati wa kugawa kiwanja, kwa hiyo aliyejenga mwaka wa kwanza na aliyeacha majani yaote walilipa sawa. Viwanja vingi vilikaa miaka bila kujengwa, vikisubiri bei ipande, huku barabara iliyokwisha chongwa mbele yake ikiliwa na mvua. Ontario hudai wakati wa kujenga, na anayeshikilia ardhi tupu halipi senti ya tozo mpaka atakapoomba kibali. Vaughan iliposhusha kiwango chake Novemba 2024, waliokuwa wamesubiri ndio waliopata nafuu, na waliojenga mwezi uliotangulia walikuwa wamekwisha lipa dola 94,466.